Nguzo ya Tatu Kutoka Kushoto

Kasulu, Jumamosi jioni, jua bado lipo

Skola mwanangu,

Mchoro wako upo, usihangaike kupekua sanduku. Nimeuzungushia karatasi hizi na kuufunga kwa uzi wa katani, nikapiga fundo lisilofunguka haraka, ili usiweze kuutoa kabla hujayasoma haya. Unanijua. Kusema uso kwa uso nimeshindwa wiki nzima. Jana ulipokuja kukaa nami karakana nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo, nikaishia kukuuliza kama viatu vinakubana.

Sasa hivi umekwenda Titye kumuaga shangazi yako. Mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za njiani, na mimi nimejifungia karakana kana kwamba nina kazi ya watu. Mambo ya kuangalia mizigo, ya kujifunika vizuri kwenye lori, ya kutokula cha mtu usiyemjua, mama yako atakuambia, na atakuambia mara tatu. Mimi nina jambo moja. Sioni kwamba kulisema kutaliponya. Nalisema kwa sababu kesho unaondoka na mchoro ule kwenda nao Mwanza.

Chuo unachokwenda kimewaambia kila mmoja aje na mchoro wa kitu kilichojengwa kwao. Wewe ukachora ukuta wangu wa nguzo kule kwenye kiwanja cha zamani cha ndege, kila nguzo na kipimo chake, na chini ukaandika kwa mwandiko wako mzuri: Kizuizi cha magari kilichojengwa na baba yangu, kilichowaokoa akina mama waliokuwa wakiuza vyakula. Mwalimu wako wa hapa alikusifu. Ulinionyesha nikatikisa kichwa, nawe ukadhani nimefurahi.

Skola, ukuta ule haukumwokoa mtu. Ukuta ule ndio uliomuua kaka yako.

Nimeyaandika maneno hayo mara nne kwenye ubao kwa penseli kabla ya kuyaleta kwenye karatasi, na kila mara nimeyafuta kwa randa. Sasa yako kwa wino. Tuendelee.

Wewe ulikuwa darasa la sita, na siku ile ulikuwa umelala nyumbani na malaria, kwa hiyo unachokijua ni kile ulichoambiwa. Acha nianze nyuma kidogo. Zile mbio za Saba Saba hazikuwa na mwenyewe. Hotuba zikiisha na ngoma zikiisha, madereva walikuwa wanapeleka magari yao kiwanjani, mawili mawili, yanapangwa sambamba, mtu anashusha kitambaa, yanaondoka. Anayefika mwisho kwanza ndiye dume. Hakukuwa na kizuizi chochote. Kiwanja kilipoishia, upande wa kulia walikaa akina mama na mihogo yao ya kuchoma na pombe ya ndizi, na upande wa kushoto lilianza shamba la viazi vitamu la Bibi Anjelina, matuta makubwa yaliyolala kukata njia.

Mwaka mmoja pikapu moja ilishindwa kusimama. Ikaingia kwenye matuta. Ikaruka la kwanza, la pili, ikaanza kuzama, na kwenye la tano au la sita ikalala pua chini. Tulikimbia tukijua tunakwenda kubeba maiti. Mlango ukafunguka, akatoka dereva na majani ya viazi shingoni, anatafuta kofia yake. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Hakuna aliyejiuliza ni kitu gani kilichomwacha mtu yule hai. Tulichokiona ni viazi vya Bibi Anjelina vilivyovurugwa, na yeye alivipigia kelele mwezi mzima. Akina mama nao wakasema hawatakaa tena pale bila kinga. Kamati ya sikukuu ikaniita.

Waliniita mimi kwa sababu kabla ya useremala nilijulikana kwa kujenga rugo, boma la ng'ombe, kazi niliyoachiwa na babu yako. Nguzo unaichoma kitako kwenye moto ili mchwa wasiiguse, unaichimbia mpaka kifuani, unashindilia mawe huku mwenzako akiitikisa, na ikicheza hata kidogo unaing'oa na kuanza upya. Ndivyo nilivyofundishwa. Ukijenga rugo unamfikiria ng'ombe aliye ndani. Anayekuja kutoka nje ni fisi au chui, na huyo humfikirii hata dakika moja. Akijigonga akavunjika shingo, kesho unawaita majirani waje kumtazama.

Ningeweza kuweka nguzo tano mbele ya wale akina mama, basi, kazi imekwisha. Lakini kwetu rugo haliachwi nusu. Fundi akiacha pengo anachekwa hata na watoto wanaochunga. Kwa hiyo niliziba kiwanja chote, kutoka ukingo hadi ukingo, nguzo kumi na mbili, pamoja na upande wa kushoto ambako hapakukaa mtu yeyote, palikuwa na viazi tu. Na ili nipate uwanda wa kuchimbia, yale matuta sita ya mwanzo niliyasawazisha kwa jembe langu mwenyewe. Bibi Anjelina aliniletea maji ya kunywa.

Wakati ule fundi Melkiori alikuwa na kibanda ubavuni mwa karakana yangu. Utamkumbuka, yule Mrundi aliyekutengenezea baiskeli ya waya ya kuchezea. Alikuja mwaka ule watu walipovuka mpaka wakikimbia, hana kitu ila mfuko wa spana, na hapa Kasulu hapakuwa na mtu aliyeijua injini kama yeye. Tulikuwa tunaazimana msumeno na nyundo, na mchana tunakula sahani moja. Alikuja kiwanjani siku ninayoshindilia mawe, akanisalimia, akazunguka ule ukuta polepole.

"Muzee Zabroni," akasema, "hii ukuta ni ya kukamata nini?"

"Gari lililoshindwa kusimama."

Akaipiga nguzo kofi. Haikutoa hata sauti, ilikuwa imeshika. "Na mutu mwenye kuwa ndani ya gari, yeye nani atamukamata?"

Mimi nikacheka. Yeye akachuchumaa, akaanza kuchora chini kwa kijiti. "Gari ikikosa mafreni haipendi kusimama mara moja. Inapenda kuchoka pole pole. Rudisha ile matuta, Muzee. Weka mingine ya muchanga, mirefu, hata mbele ya wamama. Itakula mbio yake kidogo kidogo."

Palikuwa na watu, Skola. Vijana walionibebea nguzo, wajumbe wawili wa kamati, na kaka yako Festo mwenyewe, ameegemea gari anakula muwa. Mimi fundi wa rugo, mtoto wa fundi wa rugo, naelekezwa kujenga na fundi wa magari. Nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Na kule kwenu mlijenga nini kikasimama?"

Watu walicheka. Melkiori alifuta mchoro wake kwa kiganja, akasimama, akaondoka. Mke wake na watoto wawili walibaki kule alikotoka, na mimi nilikuwa nalijua hilo siku nilipoyatamka maneno yale.

Sasa Saba Saba yenyewe. Festo alikuwa anaendesha ile landrova ya kijani ya tajiri wake mwenye duka. Breki zilikuwa zimelegea wiki nzima. Melkiori alizifungua siku moja kabla, raba mpya haikupatikana Kasulu wala Kigoma, akarudishia ile ya zamani, akamwambia Festo mbele yangu: hii ni ya kwendea sokoni, si ya mashindano. Festo akamwitikia vizuri, maana alikuwa na adabu, na kesho yake akaenda kushindana, maana alikuwa na miaka ishirini na tatu. Mimi nilisikia onyo lile. Sikumzuia. Moyoni nilisema, hata akishindwa kusimama, ukuta upo.

Alishinda. Alimwacha mwenzake mbali, watu wakapiga vigelegele, halafu tukaona gari halipunguzi. Alikuwa anaelekea moja kwa moja kwa wale akina mama. Akakata kushoto. Kila aliyekuwepo aliona, aliukata usukani kwa makusudi, akawakwepa, akaelekea upande ambao mwaka mmoja nyuma angepokewa na matuta ya viazi. Akapokewa na mimi. Alipiga nguzo ya tatu, katikati ya gari, na gari likabaki pale pale lilipopiga. Usukani ulimwingia kifuani. Alipumua mpaka tukafika kwenye geti la hospitali.

Kuna jambo moja la aibu kuliko yote, sijamwambia hata padri. Nilikuwa wa kwanza kufika. Na kabla sijamtazama mwanangu, macho yangu yalishuka kwenye kitako cha nguzo kuangalia kama imecheza. Haikuwa imecheza. Na nilifurahi, Skola. Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi kwamba kazi yangu imeshika. Halafu ndipo nikainua macho.

Baada ya matanga kamati iliitisha kikao. Mwenyekiti alinipa kiti cha mbele, akasema kwa upole, "Mzee Zabroni, wewe ni baba, na wewe ni fundi. Sisi tutasikiliza utakalosema."

Melkiori alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Nilikuwa nimekwisha kwenda peke yangu nyuma ya ukuta ule, nimeona ni nini kilikuwa upande wa pili wa nguzo ya tatu. Udongo uliolimwa. Majani ya viazi. Hakuna kingine. Nilijua. Nikasema, "Ni breki."

Wakamgeukia. Angeweza kusema. Maneno aliyoniambia kiwanjani waliyasikia watu wengi, angeweza kuwaita mmoja mmoja. Alisema tu, "Ni kweli, mafreni ilikufa." Kisha akanitazama, akangoja. Mimi nilikuwa naangalia mikono yangu.

Haikupita wiki wakamwambia ahame. Alifunga spana zake kwenye baiskeli, akaacha msumeno wangu umeegemezwa mlangoni, umenolewa.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza miaka mitano. Kama ni breki, mimi ni baba aliyefiwa, watu wananiletea unga na kukaa nami. Kama ni ukuta, mimi ni nani? Nilichagua kufiwa. Lilionekana jepesi siku ile, na mtu asikudanganye kwamba uongo huwa mzito siku ya kwanza. Siku ya kwanza unakubeba.

Mama yako aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tunapalilia. Akasema bila kuinua uso, "Zabroni, kama viazi vya Anjelina vingekuwepo, mwana wanje, mwanangu, si angetoka hai?" Nikamwambia ashike jembe. Hajauliza tena, na tangu siku ile hapiti njia ya kiwanjani, anazungukia kwa chini hata akiwa na mzigo kichwani. Kwa hiyo usidhani unaficha kitu ukiwa naye. Anajua, na ananipikia kila siku.

Usidhani pia kwamba nilikaa tu. Nilijaribu, ingawa kila jaribio langu lilikuwa la mtu anayetaka kurekebisha bila kusema kwa nini. Nilikwenda kwa kamati nikaomba nizikate nguzo nusu kwa msumeno, zibaki zimeshikilia kidogo, gari likigonga zivunjike. Mwenyekiti akanishika bega. Nilimsikia nikitoka akiwaambia wenzake kwamba uchungu umenichanganya, nataka kuharibu kitu kilichowaokoa mama zao. Walikuwa wamekwisha kuupa jina. Ukuta wa Festo. Kila mwaka unatajwa kwenye hotuba na mimi nasimamishwa nipigiwe makofi.

Mwaka uliofuata nikaona nisiombe ruhusa. Nilikata vigogo vya migomba, vile vizito vyenye maji, nikavipanga mbele ya ukuta mpaka kifuani, safu tatu. Nilivipima kwa kuvipiga na nyundo kubwa, inazama kama kwenye godoro. Nilirudi nyumbani nimetulia kidogo kwa mara ya kwanza. Lakini Saba Saba ni kiangazi, Skola, na mimi mtoto wa wafugaji nilisahau ng'ombe wanakula nini kiangazi majani yakiisha. Watu wa Operesheni Vijiji walikuwa wamehamishiwa pale jirani na mifugo yao. Asubuhi nilikuta ng'ombe arobaini wamesimama mstari mmoja kama wako kwenye karamu, na mchungaji akanishukuru kwa moyo wangu wa kujitolea. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikalia, na yeye akadhani ni machozi ya kicheko.

Nikajaribu mchanga, kama alivyosema Melkiori. Miezi miwili na mkokoteni kutoka mtoni. Kijiji kipya kilikuwa kinajengwa, kila mtu anahitaji mchanga, na lundo limekaa wazi barabarani halina mwenyewe. Ulikwisha kabla ya mwezi. Nisiwalaumu sana. Hata mimi nilichukua madebe mawili ya mwisho kwa ajili ya sakafu ya jiko la mama yako.

Mwaka huu wameleta vyuma vya daraja la zamani na kuvifunga kwa boliti toka nguzo hadi nguzo. Waliniita nisimamie, kwa heshima. Nilikwenda. Nilizikaza boliti kwa mkono wangu, moja baada ya nyingine, na hazitalegea, maana sijui kufanya kazi mbaya. Nilikuwa nimechoka kukataa. Sina maneno mazuri zaidi ya hayo.

Na Melkiori yuko Kibondo. Lori lako litalala pale kesho. Anaziba pancha karibu na mahali malori yanaposimama, utamjua kwa mkono wa kushoto, ana kidole kilichokatika. Mwaka juzi nilikwenda Kibondo kwa ajili ya kumwona, nilijiambia hivyo nikiwa nyumbani. Nilimwona. Alikuwa ameinamia beseni la maji anatafuta tundu kwenye mpira. Nikapita upande wa pili wa barabara, nikanunua chumvi ambayo sikuihitaji, nikarudi Kasulu. Sikutumi kwake. Usiende kuniombea msamaha, msamaha huo si wako kuuomba, na mimi sina uso wa kuupokea. Lakini kama utamwona, usipite upande wa pili.

Sasa mchoro. Sikukatazi kuupeleka. Umechorwa vizuri, mstari hautetemeki, na hilo umelichukua kwangu, naona fahari na naogopa kwa wakati mmoja. Ila futa yale maneno ya chini. Wakikuuliza kizuizi hiki kilifanya nini, waambie kilichofanya. Nyuma ya karatasi nimekuchorea matuta, kadiri ninavyokumbuka kijiti cha Melkiori: mbali mbali mwanzoni, halafu yanakaribiana, udongo uliotifuliwa, kina cha goti. Sijui vipimo. Yeye angevijua.

Sitakudanganya kwamba watakusikiliza. Utakuwa msichana wa Buha mbele ya watu wa saruji na chuma, unawaeleza habari ya matuta ya viazi. Watacheka, na mmoja wao atakuuliza huko kwenu mmejenga nini. Nalijua swali hilo, nililiuliza mimi. Sidhani utawashinda. Sidhani hata ukuta wa hapa utaondolewa mimi nikiwa hai, na Saba Saba ijayo vijana watapanga magari yao mawili mawili kama kawaida. Nimekaa na jambo hili miaka mitano, na sijapata mahali lilipo na mlango. Ninachoweza ni kuhakikisha kwamba hulibebi bila kujua ni nini umebeba, basi.

Nasikia sauti yako njiani, unaongea na mtu, unacheka. Nitafunga uzi sasa.

Kesho lori litapita kiwanjani kama saa moja asubuhi. Mama yako atakuwa amegeuka, mimi nitakuwa nimesimama barabarani nakupungia, na huenda ukataka kunitazama mimi. Tazama ukuta. Kwenye mchoro wako nguzo zote umezipaka kahawia, isipokuwa ya tatu kutoka kushoto, hiyo umeitia kijani kidogo kiunoni, kwa sababu wewe unachora unachokiona. Nilikuuliza ile rangi ni ya nini, ukanijibu kwamba labda kamati walianza kuzipaka wakaishiwa na rangi.

Hawakuanza, mwanangu. Nimeikwangua kwa tupa, nimeisugua kwa mchanga na majivu, mvua za miaka mitano zimeipiga. Haitoki.

Baba yako,
Zabroni